Kukadiria umri kwa meno: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwenye chumba cha meno, mwaka baada ya mwaka. Mengine ni ya wazazi, mengine ya askari waliomleta kijana na fomu mkononi, mengine ya vijana wanaohangaikia kitambulisho, na machache ni ya watu waliosikia jambo redioni wakaja kuhakikisha. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye swali lake.

## Mambo ya mwanzo

Ni kweli daktari akiangalia meno yangu atajua nimezaliwa lini?

Hapana. Tarehe ya kuzaliwa haimo mdomoni mwa mtu. Kilichomo ni dalili za hatua ya ukuaji uliyofikia, na kutokana na dalili hizo daktari hukadiria umri wenye mpaka wa chini na mpaka wa juu, kwa mfano "si chini ya miaka 8, si zaidi ya 10".

Mtu akiwa mdogo mipaka hiyo hukaribiana, kwa sababu mdomoni mwake kuna mengi yanayotokea kwa wakati mmoja: jino hili linaota, lile linalegea, lingine bado linajengwa ndani ya taya. Akifika miaka 14 hivi karibu meno yote yamemaliza kazi isipokuwa magego ya mwisho. Akipita miaka 22 hakuna tena kinachojengwa, kilichobaki ni kuchakaa. Na kila mtu huchakaa kivyake.

Kwa nini meno, na si urefu wa mtu au sura yake?

Kwa sababu njaa na maradhi ya utotoni huchelewesha urefu na mifupa kuliko yanavyochelewesha meno. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na kimo cha miaka 6 huku ana miaka 9, na ukimfungua mdomo unakuta meno ya miaka 9. Zaidi ya hapo, mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, lakini gamba gumu la nje la jino, enameli, likishajengwa limejengwa.

Wengi wetu tulipelekwa darasa la kwanza kwa kipimo cha sikio: unapitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili unaandikishwa, usipogusa unarudi nyumbani mwakani. Kipimo hicho kilikuwa kinapima urefu wa mkono ukilinganishwa na kichwa. Mtoto mwenye mikono mifupi alirudishwa hata kama umri umetimia, na mwenye mikono mirefu alipita kabla ya wakati. Mwalimu aliyeangalia pia kama mapengo ya mbele yameanza alikuwa na akili zaidi ya waraka wake.

Meno huota na kung'oka kwa mpangilio gani?

Mtoto ana meno 20 ya utotoni, mtu mzima ana 32. Ya kwanza kutokeza huwa mawili ya mbele ya chini, mara nyingi kati ya miezi 6 na 10. Yanafuata ya juu, kisha magego ya kwanza ya utotoni, chonge, na magego ya nyuma yake. Kufikia miaka miwili na nusu hadi mitatu yote 20 yametimia. Baada ya hapo kinywa hutulia kwa miaka mitatu hivi, na mzazi hana la kusimulia.

Karibu na miaka 6 huja gego la kwanza la ukubwani. Hapa nitasimama kidogo, maana gego hili huponza wengi. Linaota nyuma kabisa ya meno ya utotoni bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo mzazi analidhani ni la utotoni, linatoboka, anasema "litang'oka tu lije jingine". Halina jingine! Likienda limekwenda.

Kati ya miaka 6 na 8 meno ya mbele hubadilishwa, kipindi kile cha mapengo na kutupa jino juu ya paa. Kisha kuna utulivu mwingine mfupi. Kuanzia miaka 10 hadi 12 hivi zamu ni ya chonge na magego madogo yanayochukua nafasi ya magego ya utotoni. Gego la pili la ukubwani huja karibu na miaka 12. Gego la mwisho lina kitabu chake peke yake. Lisome kwenye sehemu ya miaka 18.

Wasichana kwa kawaida huwatangulia wavulana kwa miezi kadhaa. Kwenye gego la mwisho mambo hugeuka, na wavulana ndio hutangulia kidogo.

Mwanangu ameanza kuota meno ya juu. Bibi yake anasema ni kigego.

Mwambie bibi, kwa heshima zote, kwamba mpangilio wa kuota hubadilika kutoka mtoto mmoja hadi mwingine na hauna uhusiano wowote na nuksi. Neno kigego limebeba historia mbaya: zamani baadhi ya jamii ziliwatenga watoto hawa, na wako waliouawa. Hata mtoto anayezaliwa na jino tayari yupo, mmoja katika kila elfu mbili au tatu hivi. Jino hilo huangaliwa kama limelegea kiasi cha kuweza kumkaba au linamuumiza mama anaponyonyesha, basi.

Kwa upande wa umri, mtoto wa namna hii anatukumbusha kwamba kutokeza kwa jino pekee ni ushahidi dhaifu. Ndiyo maana tunatumia picha.

Ana miaka 7 na hajang'oka jino hata moja. Je, umri wake umekosewa?

Si lazima. Kuchelewa mwaka mmoja ni jambo la kawaida, na mara nyingi baba au mama naye alichelewa. Akifika miaka 8 bila dalili yoyote, mpeleke apigwe picha tuone kama meno ya ukubwani yapo chini.

Nani alianzisha jambo hili?

Watu wameangalia vinywa tangu zamani, lakini aliyelifanya hoja ya serikali ni Mwingereza Edwin Saunders. Sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1833 ilikataza viwanda vingi vya nguo kuajiri watoto wa chini ya miaka 9, na ikapunguza saa za kazi kwa wenye miaka 9 hadi 13. Tatizo ni kwamba vizazi vilikuwa havijaanza kusajiliwa na serikali. Usajili ulianza mwaka 1837. Madaktari wa viwanda wakawa wanapima urefu wa mtoto, na wazazi wenye njaa walijua cha kusema. Mwaka huohuo wa 1837 Saunders alichapisha kijitabu, baada ya kukagua watoto zaidi ya elfu moja, akieleza kwamba meno husema kweli kuliko kimo. Ukiondoa majina na tarehe, ni kisa kilekile cha mkono na sikio.

## Kazi yenyewe inavyofanyika

Daktari anaangalia nini hasa?

Kwanza kinywa kwa macho: yapi yameota, yapi yamelegea, yapi yamechakaa, yapi hayapo na kwa nini. Halafu eksirei, hasa ile picha moja inayozunguka uso na kuonyesha taya zote mbili kwa pamoja. Kwenye picha tunatazama jino lililo ndani ya mfupa. Linaanza kama vidoa vya ncha, kichwa kinakamilika, mzizi unarefuka, na mwisho tundu la ncha ya mzizi linajifunga. Jino linaweza kuchelewa kutoka kwa kukosa nafasi, au kuwahi kwa sababu jino la utotoni lililokuwa juu yake lilioza na kung'olewa, lakini ujenzi wake ndani huenda kwa mwendo wake.

Njia inayotumika sana ni ya Demirjian na wenzake wa mwaka 1973. Wanachukua meno saba ya chini upande wa kushoto, kila jino linapewa hatua moja kati ya nane, A hadi H, alama zinajumlishwa na jumla inageuzwa kuwa umri. Majedwali yake yalitokana na watoto wa Canada wenye asili ya Ufaransa, na yalipojaribiwa kwingine mara nyingi yaliwaongezea watoto umri. Mwaka 2001 Willems na wenzake waliyarekebisha kwa watoto wa Ubelgiji. Iko pia atlasi ya London ya mwaka 2010, yenye michoro inayoanzia mimba hadi miaka 23. Unashika picha ya mtoto mkono mmoja na michoro mkono mwingine, unatafuta inayofanana. Mimi huanza na hii ya michoro kwa sababu hata hakimu nikimwonyesha anaelewa.

Eksirei haitamdhuru mtoto?

Mionzi ya picha ya taya zima ni kidogo sana, sawa na ile ya asili tunayoipata sote kwa siku chache tu za kuishi. Hata hivyo kidogo si sifuri, na mtu huyu haumwi; anapigwa picha kwa ajili ya karatasi. Kwa hiyo picha ipigwe pale jibu linapohitajika kweli, na kama ipo ya zamani itumike hiyo. Kijana mjamzito aseme mapema.

Jibu linaweza kukosea kwa kiasi gani?

Kwa mtoto wa shule ya msingi, watoto wengi huangukia ndani ya mwaka mmoja kuelekea juu au chini, na karibu wote ndani ya miaka miwili. Kwa gego la mwisho, weka miaka mitatu au minne kila upande kama hutaki kujidanganya. Kwa mtu mzima, miaka 10 kila upande si ajabu.

Soma tena aya hiyo utaona kitendawili cha kazi yetu. Kwa mtoto wa miaka 7 meno husema vizuri, na kwa kawaida hakuna anayeuliza. Sheria inauliza kuhusu miaka 18, mahali ambapo meno yamebaki na shahidi mmoja tu, tena shahidi mwenye kigugumizi.

Ripoti imeandikwa "miaka 16" basi. Inatosha?

Haitoshi. Ripoti ya maana hutaja kilichoonekana (meno gani, hatua gani), njia iliyotumika, umri unaokadiriwa pamoja na mipaka yake, na umri wa chini kabisa ambao matokeo hayo yanaweza kuonekana. Ukipewa namba moja tupu, una haki ya kumuuliza daktari mipaka ni ipi. Wengine watakununia. Uliza hivyo hivyo.

## Miaka 18 na gego la mwisho

Gego la mwisho likiota ina maana nimefika miaka 18?

Hapana, na ningependa swali hili libandikwe ukutani kwenye kila kituo cha polisi. Vitabu husema gego la mwisho huota kati ya miaka 17 na 25, lakini vitabu vingi viliandikwa kwa kuangalia Wazungu. Waafrika huota gego hili mapema zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 ulilinganisha Wakenya weusi na Wakenya wenye asili ya Asia ukaona weusi wanatangulia. Kijana wa Kiafrika wa miaka 15 mwenye gego la mwisho mdomoni si kioja.

Kinachotazamwa ni mizizi yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1993, uliosimamiwa na Mincer, ulionyesha kwamba mtu ambaye mzizi wa gego hili umejifunga kabisa ana uwezekano wa takriban 9 kati ya 10 kuwa ametimiza miaka 18. Inasikika vizuri mpaka ukumbuke yule mmoja kati ya kumi, na ukumbuke kwamba hesabu hiyo ilikuwa ya Wamarekani weupe.

Mimi sina magego ya mwisho kabisa. Je, mimi bado mtoto?

Karibu mtu mmoja kati ya watano duniani hukosa angalau gego moja la mwisho, kwa maana kwamba halikujengwa kabisa. Wengine wanalo limelala ndani ya taya na halitatoka kamwe. Kwa watu hawa meno hayana la kusema kuhusu miaka 18, na daktari anapaswa kuandika hivyo badala ya kubuni.

Ndugu yangu ameomba hifadhi Ulaya na wanataka kumpiga picha ya meno. Wanaruhusiwa?

Inategemea nchi. Sweden ilianza mwaka 2017 kuwapima waombaji kwa picha ya gego la mwisho pamoja na kipimo cha goti, na njia yao ilikosolewa vikali na wataalamu wengine wa hukohuko. Ujerumani hutazama kiganja, meno na mfupa wa mtulinga kwa pamoja. Uingereza ilitunga kanuni mwaka 2024 zinazoruhusu picha za gego la mwisho, mifupa ya mkono, goti na mtulinga, ingawa chama cha madaktari wa meno cha huko kimepinga jambo hilo kwa miaka mingi.

Ushauri wangu ni mfupi: asikubali wala kukataa kabla ya kuongea na wakili, kwa sababu kwingine kukataa huhesabiwa dhidi yake. Na kama nyumbani kuna kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au ripoti ya shule, anza kuvitafuta leo.

Wachezaji wa timu za vijana nao wanapimwa meno?

FIFA hutumia kipimo cha sumaku cha kiganja, kilichoanza kutumika kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009. Mfupa ulioko juu kidogo ya kifundo cha mkono ukiwa umeungana kabisa, uwezekano wa kuwa chini ya miaka 17 ni mdogo mno. Watanzania tunayo kumbukumbu ya mwaka 2005, Serengeti Boys walipofuzu fainali za Afrika kisha wakaondolewa kwa suala la umri. Ule ulikuwa ugomvi wa nyaraka, na meno hayakuhusika.

## Watu wazima na waliokufa

Je, mtu wa miaka 45 anaweza kukadiriwa?

Anaweza, ila usitarajie miujiza. Mwaka 1950 Msweden Gösta Gustafson aliorodhesha mabadiliko sita: kulika kwa jino juu, ufizi kushuka, kiini kujazwa na tishu mpya, mzizi kuongezewa utando, ncha ya mzizi kulika, na mzizi kuanza kupitisha mwanga kama kucha. Kila moja lilipewa alama na jumla ikageuzwa umri. Alisema kosa lake ni kama miaka 3.6. Mwaka 1979 Maples na Rice walirudia hesabu zake wakaona kalamu iliteleza: kosa halisi lilikuwa kama miaka 7, karibu mara mbili. Njia ikaendelea kutumika, lakini majigambo yalipungua.

Kwa aliye hai kuna shida ya ziada: mengi kati ya hayo sita huonekana jino likiwa limekatwa. Hatumng'oi mtu jino ili tujue umri wake. Tunabaki na picha, tukilinganisha ukubwa wa kiini na jino lenyewe, maana kiini husinyaa kadiri miaka inavyokwenda. Njia hiyo aliieleza Kvaal na wenzake mwaka 1995.

Nimesikia mabomu ya nyuklia husaidia kujua umri wa maiti. Ni uongo?

Ni kweli tupu, na ndiyo habari ninayopenda kuisimulia kuliko zote humu. Majaribio ya mabomu angani, hasa kuanzia 1955 hadi 1963, yaliongeza kwa ghafla kaboni ya mionzi, kaboni 14, hewani. Mkataba wa 1963 ulipopunguza majaribio hayo, kiwango kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Kaboni hiyo iliingia kwenye mimea, kwenye ugali, kwenye maziwa, na hatimaye kwenye enameli ya watoto waliokuwa wakijenga meno wakati huo. Kwa kuwa enameli haibadilishwi tena, jino likabaki na muhuri wa mwaka.

Mwaka 2005 Kirsty Spalding na wenzake walionyesha kwamba kwa kupima enameli waliweza kukadiria mwaka wa kuzaliwa kwa kosa la takriban mwaka mmoja na nusu. Ni usahihi ambao mimi na picha zangu hatuufikii kwa mtu mzima. Lakini kinachohitajika ni jino lililotolewa na maabara ya gharama, kwa hiyo hutumika zaidi kwa maiti zisizotambulika.

Na mafuvu ya kale, yanakadiriwaje?

Enameli hujengwa kwa tabaka, na kila siku huacha mstari mwembamba unaoonekana kwa hadubini. Hata siku ya kuzaliwa huacha mstari wake kwenye meno yaliyokuwa yakijengwa wakati huo, kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko. Ukihesabu mistari unapata siku.

Mfano ulio karibu nasi ni kijana wa Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Aliishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Ukitazama kimo na mifupa yake kwa macho ya leo utasema miaka 11 hadi 13. Mistari ya meno ilipohesabiwa ikasema miaka 8 hivi. Kumbe watu wale walikua haraka kuliko sisi, na bila meno tungeendelea kumwita kijana wakati alikuwa mtoto. Fuvu la Zinjanthropus wa Olduvai, lililopatikana na Mary Leakey mwaka 1959, nalo lina magego ya mwisho yaliyokuwa ndiyo kwanza yanachomoza: mtu mzima mpya, pengine hakuwahi kuyatumia vizuri.

## Karatasi na mahakama

Naweza kutumia ripoti ya meno kupata cheti cha kuzaliwa au kitambulisho?

Ripoti haigeuki kuwa cheti. Ni kielelezo kimoja kati ya vingi. Kenya, kijana asiye na cheti cha kuzaliwa huambatanisha ripoti ya umri kutoka hospitali ya serikali anapoomba kitambulisho. Tanzania, kwa usajili uliochelewa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na cha shule vina uzito mkubwa zaidi. Ukiwa na mojawapo, usianze na meno.

Mahakama huamini meno kuliko mama mzazi?

Haipaswi, na wenye busara hawafanyi hivyo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18, na umri ukiwa na utata mahakama hufanya uchunguzi na kupokea ushahidi, wa kitabibu ukiwamo. Uganda, Mahakama ya Rufaa katika shauri la Omuroni la mwaka 2000, ambalo mahakama za Kenya hulinukuu mara kwa mara, ilisema kwamba pamoja na ushahidi wa daktari umri unaweza kuthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa, kwa wazazi au walezi, na kwa kutazama na kutumia akili ya kawaida.

Uzito wake si mdogo. Sheria ya Kenya ya makosa ya kingono ya mwaka 2006 inapanga adhabu ya kunajisi mtoto kwa umri wa mwathiriwa: miaka 11 au chini, 12 hadi 15, 16 hadi 18. Daktari anayeandika "miaka 11" bila mipaka anaweza kumsogeza mtu kutoka kifungo cha miaka hadi kifungo cha maisha.

Niliwahi kuletewa kijana mrefu kuliko askari aliyemshika mkono, ndevu zimeanza, na kwenye fomu ameandikwa "mtu mzima". Nikampiga picha. Gego la pili la ukubwani lilikuwa halijafunga ncha za mizizi, na gego la mwisho lilikuwa kichwa kitupu bila mguu, kama uyoga uliokatwa. Nikaandika miaka 13 hadi 16. Mama yake alikuwa amekaa nje kwenye benchi, nikamwita nikamuuliza alimzaa lini. "Mwaka sijui, daktari. Ila nilikuwa na mimba yake changa, kichefuchefu kinanisumbua, na mtaa mzima wanapuliza yale mavuvuzela." Kombe la Dunia la Afrika Kusini lilianza Juni 2010. Alimzaa miezi michache baadaye, na siku ile hakuwa hata ametimiza miaka 15. Yale mavuvuzela yalikuwa sahihi kuliko picha yangu, na niliyaandika kwenye ripoti.

Lazima nikubali kupimwa?

Ridhaa huombwa, kwa mtoto huombwa pia kwa mzazi au mlezi, na mpimwaji aelezwe picha ni ya nini. Kijana anayeambiwa "tunaangalia meno yaliyooza" kumbe anapimwa umri amedanganywa. Mimi huwaambia askari wasubiri nje.

## Yanayochanganya

Tuling'olewa meno ya chini kimila. Hesabu inaharibika?

Kwa Wamaasai waliong'olewa mawili ya mbele ya chini, na wazee wa Kijaluo waliong'olewa sita, daktari asiyejua mila anaweza kudhani ni ajali au ugonjwa wa ufizi. Hesabu haiharibiki sana, tunahamia meno mengine. Kibaya zaidi ni kile kiitwacho meno ya plastiki: mtoto mchanga ana homa na kuhara, mtu anamkata ufizi na kuchokoa kijino laini cha chonge akidai ndicho chanzo. Wako waliokufa kwa kuvuja damu na maambukizi. Waliopona huja miaka 10 baadaye na chonge za ukubwani zilizopinda au zisizokuwepo, na mchoro wa atlasi haufanani nao. Hakuna jino la plastiki, wala halijawahi kuwepo.

Meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni. Nitaonekana mzee?

Kwa anayejua kazi, hapana. Maji ya Arusha, sehemu za Kilimanjaro na Bonde la Ufa yana floridi nyingi, inayotia enameli madoa jino linapojengwa. Rangi haimo katika njia yoyote niliyoitaja. Kulika kwa jino nako hudanganya: mtafuna miraa wa miaka 30 au anayekula unga wenye mchanga wa jiwe la kusagia anaweza kuwa na magego ya mtu wa 50.

Siku hizi si kuna akili mnemba ya kusoma picha?

Ipo, na husoma haraka. Imefundishwa kwa picha za watu fulani, kwa hiyo inarithi yaleyale ya Demirjian: ikifundishwa kwa watoto wa kwingine itawaongezea wetu umri, bila hata kukununia.

Mbona muuza mbuzi anafungua mdomo wa mbuzi anataja umri bila eksirei?

Kwa sababu mbuzi amepangwa vizuri kuliko sisi. Hana meno ya mbele ya juu, chini ana manane, nayo hubadilishwa jozi kwa jozi, ya kwanza karibu na mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Anayetafuta mnyama wa kuchinja Idi kubwa hulijua hilo, maana mbuzi anatakiwa awe ametimiza mwaka, ng'ombe miaka 2, ngamia 5. Lakini mwambie huyo muuzaji akutajie umri wa mbuzi aliyekwisha kubadili jozi zote nne. Ataanza kukisia kama sisi.

Hospitali mbili zimenipa umri tofauti. Niamini ipi?

Angalia kwanza mipaka. Ripoti ya kwanza ikisema 15 hadi 18 na ya pili 16 hadi 20, hazipingani. Zote zinakubali 16, 17 na 18. Tazama pia tarehe za picha, maana picha ya mwaka juzi inaeleza umri wako wa mwaka juzi, na nimeona kesi iliyoyumba kwa sababu hakuna aliyejumlisha miaka hiyo miwili. Kama mipaka haigusani kabisa, chukua picha zote mbili, sio ripoti tu, umpelekee daktari wa tatu ambaye hajaambiwa wale wawili walisema nini.